Anayetoa Damu Haishiwi



Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu wa afya, mwezi huu sitaandika juu ya mbu wala maji machafu. Nataka tuzungumze juu ya ugonjwa ambao hauonekani kwa darubini ya maabara, lakini kila wiki naukuta kwenye benchi lililo nje ya wodi yetu. Ugonjwa huo ni hofu ya kuishiwa. Mwenye hofu hii huamini kwamba alicho nacho ni kidogo, kwamba akitoa kitapungua na hakitarudi, na kwamba usalama wake uko katika kukumbatia. Hofu hii huingia katika chakula, katika fedha, na hata katika muda wa kumtembelea jirani mgonjwa. Lakini mimi, kama muuguzi, nimeiona ikiua watu katika jambo moja hasa, nalo ni kuchangia damu.

Usiku mmoja wa mwaka 1998

Nilikuwa na miaka mitano kazini tangu nipate stashahada yangu ya uuguzi. Mvua za El Nino zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1997 zilikuwa zimekata barabara nyingi, na wagonjwa walifika hospitalini wakiwa wamechelewa. Usiku huo aliletwa mama mmoja kwa gari la mizigo. Alikuwa amejifungua nyumbani mtoto wake wa nne, na kondo la nyuma lilikuwa limekwama. Daktari alilitoa, lakini mama alikwisha kupoteza damu nyingi. Midomo yake ilikuwa myeupe na mapigo ya moyo yalikuwa ya haraka mno. Alihitaji damu mara moja.

Siku hizo Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulikuwa bado haujaanzishwa. Ulianza mwaka 2004. Hospitali ilitegemea ndugu waliomsindikiza mgonjwa. Mama huyu alisindikizwa na watu saba wazima wenye afya. Nilipotoka kuwaeleza kwamba inatakiwa damu, mmoja alisema anakwenda kuangalia mizigo garini. Mwingine alisema anamfuata huyo wa kwanza. Shemeji yake alinijibu kwa adabu kabisa: "Sista, mimi nina watoto watano na ni wakati wa kulima. Nikiishiwa nguvu, nani atawalisha?" Baada ya nusu saa benchi lilibaki na mume peke yake. Alikubali kupimwa, lakini kundi lake la damu halikupatana na la mkewe, ambaye alikuwa kundi O.

Aliyetoa chupa ya kwanza alikuwa mama Mwislamu aliyekuwa akimuuguza mtoto wake katika wodi ya jirani, ambaye hakumjua mgonjwa wala ukoo wake. Alisikia habari koridoni, akaja mwenyewe na kusema, "Nipimeni na mimi."

Daktari aliomba chupa ya pili. Sasa nifike mahali pagumu. Tangu nikiwa chuoni nilijua kwamba mimi ni kundi O. Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika trei. Nilijiambia kwamba nimechoka, kwamba niko zamu ya usiku, kwamba nilikula kidogo, kwamba ndugu zake wako wapi. Nikanyamaza. Mama yule alifariki kabla ya alfajiri. Siwezi kusema kwamba chupa yangu ingemwokoa; hali yake ilikuwa mbaya sana. Ninachojua ni kwamba sikuitoa, na kwamba nilikuwa nimewahukumu moyoni wale ndugu saba wakati mimi nilikuwa wa nane.

Nimeungama dhambi hiyo zamani, na ninaamini Mungu amenisamehe. Ninaiandika hapa ili msomaji asidhani kwamba anahubiriwa na mtu asiyeijua hofu.

Hofu hii tuliipata wapi?

Tusiwalaumu watu upesi. Sisi tuliokuwa watoto katika miaka ya mwanzo ya 1980 tunakumbuka foleni za sukari, sabuni na unga. Bidhaa zilikuwa adimu nchini kote. Mwaka 1983 Serikali iliendesha msako dhidi ya walanguzi na waliokuwa wakificha bidhaa. Katika nyumba nyingi mtoto alijifunza mapema kwamba kitu kikipatikana kifichwe chini ya kitanda. Aliyefundishwa hivyo akiwa na miaka kumi na mitatu haachi kirahisi akiwa na hamsini. Tena tuna methali isemayo kwamba akiba haiozi, na mara nyingi ni ya kweli.

Lakini nakumbuka jambo jingine la miaka hiyo. Mama yangu alipata mche mmoja wa sabuni. Jirani yetu alikuwa amejifungua, na nepi za mtoto zilikuwa zinafuliwa kwa majivu. Mama alichukua uzi, akaukata ule mche katikati, akanituma nipeleke nusu. Nilinung'unika njiani kote. Sabuni yetu ilikwisha mapema, ni kweli. Lakini mwezi uliofuata mimi nilipougua homa, jirani yule ndiye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati, kwa sababu mama yangu alikuwa shambani. Mama hakuwa amefanya hesabu ya kurudishiwa. Alitoa tu, na sisi tukawa tumepata jirani.

Mungu ametuumbaje?

Sasa tuitazame damu yenyewe, kwa maana hapa ndipo hofu yetu inapokosea hesabu.

Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5. Anapochangia hutolewa mililita 450 hivi, yaani chini ya sehemu moja ya kumi. Maji ya damu hiyo hurudi mwilini kwa siku moja au mbili, mradi mtu anakunywa vizuri. Chembe nyekundu, ambazo hubeba hewa safi kutoka mapafuni, hurudi kamili kwa muda wa wiki 4 hadi 8. Akiba ya madini ya chuma huchukua muda mrefu zaidi, na ndiyo sababu mwanaume hutakiwa kukaa miezi 3, na mwanamke miezi 4, kabla ya kutoa tena.

Lakini kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Chembe nyekundu moja huishi siku 120 hivi, kisha huzeeka, na mwili huivunja. Ndani ya uboho wa mifupa Mungu ameweka kiwanda kisicholala, ambacho kila sekunde hutengeneza chembe nyekundu mpya kiasi cha milioni mbili ili kujaza nafasi za zile zinazokufa. Maana yake ni nini? Damu unayoilinda leo kwa wivu, ikifika miezi minne ijayo, karibu chembe zake zote zitakuwa zimekwisha kufa, uwe umechangia au hukuchangia. Huwezi kuiweka akiba. Unaweza tu kuchagua kama sehemu yake ndogo itapita kwako peke yako, au itapita kwako na kwa mtoto wa mwenzako.

Mnapolisikia hili, je, hamkumbuki mana ya jangwani? Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, Waisraeli waliambiwa waokote chakula cha siku. Wako waliohofia kesho, wakaficha kingine hemani. Asubuhi walikikuta kimeoza na kina mabuu. Watu wale hawakuwa wabaya. Walikuwa wametoka utumwani, ambako hakuna aliyewaahidi chochote. Mungu aliwafundisha taratibu, siku baada ya siku, kwamba sasa wanaye Baba.

Hata benki ya damu haiwezi kuwa ghala. Damu iliyochanganywa na dawa ya kuihifadhi inayotumika sana hukaa kwenye jokofu siku 35, kisha humwagwa. Kwa hiyo haitoshi watu wengi kuja mara moja kwa shangwe halafu wakapotea mwaka mzima. Inatakiwa ije kama mkate wa kila siku tunaouomba katika Sala ya Bwana.

"Nikitoa leo, mwanangu akiugua kesho?"

Hili ndilo swali ninalolisikia zaidi kutoka kwa wazazi. Ni swali la upendo, na linastahili jibu la wazi.

Kwanza, ukitoa leo, kwa kawaida utakuwa umekwisha kurejea hali yako baada ya wiki chache. Pili, yawezekana kabisa kwamba damu yako haimfai mwanao. Mwaka 1901 daktari Karl Landsteiner wa Vienna, Austria, alieleza kwamba damu za watu zinagawanyika katika makundi, na kwa ugunduzi huo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Baba akiwa kundi A na mama akiwa kundi B, wanaweza kuzaa mtoto wa kundi O. Mtoto huyo hawezi kupokea damu ya baba yake, wala ya mama yake. Anamhitaji mtu mwingine wa kundi O, ambaye huenda anaishi kigango cha pili na hamfahamu.

Hebu fikirini jambo hilo. Mungu angeweza kuifanya damu ya mzazi imtoshe mtoto wake daima, na kila ukoo ukajitegemea. Haikuwa hivyo. Wapo baba na mama ambao, hata wakikesha na kulia, usalama wa mtoto wao umewekwa katika mkono wa mtu wa nje. Kwa hiyo anayejizuia kutoa ili amwekee mwanawe, huenda anamwekea kitu ambacho mtoto hataweza kukitumia. Akiba ya kweli ya mtoto wako ni chupa iliyokwisha kupimwa, iliyomo kwenye jokofu la hospitali kabla hajaugua. Chupa hiyo aliiweka mzazi mwingine aliyeacha kuhesabu kilicho chake.

Na wanaoihitaji ni akina nani? Kwanza ni watoto wadogo, ambao malaria huvunja chembe zao nyekundu kwa siku chache. Mtoto wa kilo 10 akiongezewa damu huhitaji mililita 200 hivi. Chupa moja ya mtu mzima inaweza kuwatosha watoto wawili. Kisha ni akina mama wanaotokwa na damu wakati wa kujifungua, watu wa ajali, wagonjwa wa selimundu na wale wanaofanyiwa upasuaji. Wengi wao wako katika jumuiya zetu.

Hofu nyingine

Wapo wanaoogopa majibu. Ni kweli kwamba damu inayotolewa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Lakini kujua mapema ni faida. Leo ziko dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, na mtu anayezitumia vema huishi, hulea watoto wake na kuona wajukuu. Majibu ni siri yako na mhudumu wa afya. Wala mtu hapati maambukizi kwa kutoa damu, kwa sababu sindano na mfuko ni vipya kwa kila mtu, na vikitumika huteketezwa.

Wapo wanaosema, "Tunatoa bure, wao wanauza." Malalamiko hayo sitayafunika. Damu haiuzwi. Ukidaiwa fedha ya damu, omba maelezo na stakabadhi, na peleka habari kwa mganga mfawidhi au kwa uongozi wa hospitali. Mhudumu mmoja akitenda uovu akemewe, lakini mtoto mwenye upungufu wa damu asiadhibiwe kwa kosa lake.

Wapo pia wanaosema Mungu atatoa. Ni kweli, atatoa. Lakini ndugu yangu, katika Injili ya ile mikate mitano na samaki wawili, Yesu hakuushusha mkate kutoka mbinguni. Alipokea kilichokuwa mikononi mwa kijana mmoja. Huenda Mungu amekwisha kutoa, na alichotoa kinazunguka katika mishipa yako.

Si kila mtu atoe

Hapa nawaomba msinielewe vibaya. Hofu ya kuishiwa ni jambo moja, na upungufu wa kweli ni jambo jingine. Nimekutana na wahubiri wanaomwambia maskini atoe hata nauli ya kurudi nyumbani, akiahidiwa kwamba atalipwa mara mia. Sikubaliani nao. Mtume Paulo, alipowaomba Wakorintho msaada katika waraka wa pili, sura ya 8, aliwaeleza kwamba hakutaka wengine wapumzike na wao walemewe. Alitaka pawe na usawa, anayezidiwa leo asaidiwe na mwenye nafasi, na kesho zamu igeuke. Na akawakumbusha habari ya ile ile mana.

Kwa hiyo mama mjamzito na anayenyonyesha asichangie damu. Asichangie mwenye uzito chini ya kilo 50, wala mwenye umri chini ya miaka 18 au zaidi ya 65. Asichangie mwenye homa, wala aliyepungukiwa damu mwenyewe. Kabla ya kutoa, wingi wa damu yako hupimwa kwanza. Ukiambiwa hufai leo, usijione kwamba umekataliwa. Unaweza kumpikia uji aliyetoa, kumsindikiza anayeogopa sindano, au kumbebea maji mama aliyetoka hospitalini. Yule mjane wa hekaluni, katika Marko sura ya 12, hakusifiwa kwa wingi wa sarafu zake.

Lakini wewe baba wa miaka thelathini na mitano, mwenye kilo sabini, unayebeba gunia la mahindi begani, tusemezane kwa ukweli. Tatizo lako si upungufu wa damu.

Namna ya kujiandaa

Siku ya kuchangia, kula kama kawaida na kunywa maji ya kutosha. Usije na njaa. Kazi yenyewe ya kutoa huchukua kama dakika 10 tu. Ukimaliza, pumzika dakika 15 kabla ya kuondoka, na unywe soda au juisi. Siku hiyo usibebe mizigo mizito kwa mkono uliochomwa, wala usipande juu ya paa. Ukiona kizunguzungu, lala chini na uinue miguu.

Ili kurudisha chuma mwilini hakuhitajiki chakula cha tajiri. Kula maharage, kunde, choroko, dagaa, maini yakipatikana, na mboga za majani kama mchicha, matembele na kisamvu. Kula pamoja na chungwa, limau, pera au embe, maana matunda hayo husaidia mwili kuchukua chuma. Chai na kahawa huzuia. Zinywewe kama saa moja baada ya mlo. Watoto walale ndani ya chandarua, na akina mama wajawazito wameze vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa kliniki. Damu ambayo haikupotea haihitaji kutafutwa.

Ombi langu

Nina ombi moja kwa jumuiya ndogo ndogo za parokia zetu. Kila jumuiya iwe na daftari lenye majina ya watu kumi tu waliokubali kuchangia, wakigawana miezi ili kusiwe na mwezi mtupu. WAWATA na vijana wanaweza kulisimamia. Zipo siku mbili katika mwaka zinazofaa kuanzia: tarehe 11 Februari, Siku ya Wagonjwa Duniani, ambayo Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliianzisha na ikaadhimishwa mara ya kwanza mwaka 1993, na tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, ambayo ni siku aliyozaliwa yule daktari Landsteiner mwaka 1868. Paroko akiruhusu, wahudumu wa damu salama waalikwe kwenye ukumbi wa parokia baada ya Misa. Katika Misa hiyo hiyo tunampokea Yeye aliyetoa Damu yake kwa ajili ya wote, bila kuuliza nani ni wa ukoo wake.

Mimi nilianza mwaka ule ule wa 1998, wiki tatu baada ya usiku ule. Mkono ulitetemeka, na mtaalamu wa maabara alinicheka kidogo, muuguzi anayeogopa sindano. Tangu hapo nimekuwa nikitoa kila afya inaporuhusu. Sijawahi kujua ni nani aliyeipokea damu yangu, na sitaki kujua. Nimelea watoto, nimefanya zamu za usiku, nimelima bustani yangu. Sikuishiwa.

Nikipita koridoni usiku, bado nalitazama lile benchi. Mara nyingine watu wamekaa, wanangoja kuitwa maabara. Mara nyingine liko tupu, na nyuma ya mlango daktari anauliza kama kuna damu. Jibu la swali lake linatoka majumbani mwenu, kabla gari la mgonjwa halijafika.

Mungu awabariki, na Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, atuombee.